Mtaani, Ofisini au Kituoni: Ujitolee Wapi Siku za Mwisho za Kampeni Nairobi

Uchaguzi mkuu unapokaribia, wakazi wengi wa Nairobi wanaotaka kumsaidia mwaniaji bila kuajiriwa naye huuliza maswali yale yale: nijiunge na kundi linalozunguka mitaani, niende ofisi ya kampeni nikapige simu, nivae fulana nifuate msafara, au nisubiri siku yenyewe niwe wakala wake wa kulinda kura kituoni? Wengi huamua kwa kumfuata rafiki, na Jumamosi ya mwisho huwakuta wamesimama juani katika uwanja uliojaa watu ambao walikwisha kuamua zamani watampigia nani. Ulinganisho huu unahusu wiki mbili za mwisho pekee, kwa sababu kazi iliyokuwa na maana mwezi wa Juni huenda isiwe na maana Agosti, na saa zilizobaki huwa chache kuliko kalenda inavyoonyesha.

Uchache huo umewekwa na sheria. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Kampeni hukoma saa 48 kabla ya vituo kufunguliwa, na katika siku zinazoruhusiwa huendeshwa kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo mwisho wa kuomba kura ni Jumamosi jioni. Mwaka wa 2022, wawaniaji wawili wakuu wa urais walifunga kampeni zao jijini siku moja, Jumamosi ya tarehe 6 Agosti, mmoja katika uwanja wa Nyayo na mwingine Kasarani. Anayejitokeza kujitolea Jumatatu ya wiki kama hiyo amebakiwa na siku sita za kuomba kura, mbili za maandalizi ya kimya, kisha siku ya kupiga kura pamoja na usiku wake, ambao ni mrefu.

Mlango kwa mlango

Kuzunguka mtaani ndiyo kazi ambayo kila mwaniaji wa wadi ataitaja kwanza, na ana haki ya kuitaja. Kaunti ya Nairobi ina maeneo bunge 17 na wadi 85, na wadi nyingi za upande wa Eastlands unaweza kuzikata kwa miguu asubuhi moja. Ugumu ni kwamba watu wa huko wamepangwa kwenda juu. Chukua mfano wa mtaa wa Pipeline. Lango la chuma la ploti limefungwa, mlinzi anataka kujua mmetumwa na nani, na keateka ana mwaniaji wake. Mkiruhusiwa, mnapanda ngazi nyembamba zenye mitungi ya maji kila pembe, na mkifika orofa ya nne mnakuta nusu ya milango imefungwa kwa kufuli nje, mwingine unafunguliwa na mtoto anayesema mama ameenda kazini, na mwingine unafunguliwa na mzee anayesikiliza kwa adabu, anapokea kipeperushi kwa mikono miwili, kisha anasema: "Mwanangu, mimi kura yangu iko nyumbani."

Jibu hilo la mzee ndilo linaloitofautisha Nairobi na kaunti nyingine nyingi. Sehemu kubwa ya wapangaji wamesajiliwa kupigia kura kaunti walikotoka, na wiki ya uchaguzi utawaona katika vituo vya magari wakielekea huko na mizigo yao. Kwa mwaniaji wa urais tofauti hiyo si kubwa, kwa kuwa kura ya rais huhesabiwa popote ilipopigwa, lakini kwa mwaniaji wa udiwani, ubunge au ugavana, dakika kumi za maelezo matamu kwa mtu aliyesajiliwa Kakamega ni dakika kumi zilizopotea. Kwa hiyo swali la kwanza baada ya salamu linapaswa kuwa "Umesajiliwa kupigia kura wapi?", na anayejibu kwamba ni hapa ndipo unapomweleza sera za mwaniaji wako na kumsikiliza. Nimeona makundi yakimaliza vipeperushi vyote katika jumba la kwanza kwa kukosa kuuliza swali hilo.

Kuna tatizo la saa pia. Wengi hutoka alfajiri na kurudi jioni, wakati kampeni ya siku hiyo imekwisha kisheria. Kazi yenyewe hasa hufanyika wikendi, na katika wiki mbili za mwisho wikendi hizo ni Jumamosi mbili na Jumapili moja, ambayo nusu yake watu wako kanisani. Katikati ya wiki ni afadhali kuacha ngazi na kwenda mahali watu walipo mchana: sokoni, kwenye steji ya bodaboda, kwa mama mboga, au baze ya vijana wanaojadili siasa tangu asubuhi.

Kazi hii inamfaa mtu anayeishi katika wadi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, hata akiwa si msemaji hodari. Mpangaji anayemjua jirani yake kwa sura humfungulia mlango na kumuuliza maswali ambayo hangemuuliza mgeni aliyeletwa na gari la kampeni. Gharama yake nayo humwangukia jirani huyo huyo. Mwaniaji akishinda kisha asionekane tena mtaani, mlango utakaobishwa maji yakikatika au taka zikirundikana ni wako, wala si wake, na hilo litaendelea miaka mitano. Kabla ya kukubali, jiulize kama unamfahamu mwaniaji kiasi cha kumdhamini mbele ya watu utakaoendelea kupanga nao foleni ya maji.

Ofisini na mitandaoni

Ofisi ya kampeni inamfaa mtu asiyeweza kutembea kutwa, anayefanya kazi ya zamu, au ambaye kwa sababu za kifamilia hapendi kujulikana mtaani kuwa ni mfuasi wa fulani. Utapewa simu na orodha ya namba, au daftari la kupanga misafara. Hapo kuna jambo la kuangalia: namba hizo zimetoka wapi? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inavibana vyama vya siasa kama inavyozibana kampuni, na Wakenya hawajasahau mwaka wa 2021, wengi walipofungua mfumo wa msajili wa vyama kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kukuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Ukiombwa nambari ya kitambulisho siku ya kwanza, uliza ni ya orodha ya wanaojitolea au ni ya daftari la uanachama. Hayo ni mambo mawili tofauti, na unaweza kumfanyia mtu kampeni bila kuwa mwanachama wa chama chake, kwa kuwa kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kujiunga na chama na haki ya kukifanyia kampeni.

Kazi ya ofisini yenye thamani kubwa zaidi katika wiki ya mwisho ni ile isiyopendwa na mtu: kupanga mawakala. Kila kituo kinahitaji jina, barua ya uteuzi, namba ya simu inayopatikana na mtu wa akiba. Mwaniaji anayefika Jumatatu usiku akiwa na mapengo katika orodha hiyo atapigiwa kura Jumanne mahali ambapo hana jicho. Mtu mwenye utulivu, anayeandika vizuri na asiyechoka kupiga simu zisizopokelewa, ataisaidia kampeni hapo kuliko watu ishirini wenye vuvuzela.

Kuhusu mitandao nitasema machache. Kusambaza ratiba na sera za mwaniaji katika makundi ya WhatsApp ya mtaa ni kazi halali na ina faida kiasi. Lakini siku za mwisho ndizo siku za uvumi, na anayebonyeza kitufe cha kusambaza ndiye anayeshikwa, si aliyetunga. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 inaharamisha matamshi ya chuki za kikabila, na sheria ya makosa ya kimtandao ya mwaka wa 2018 iliharamisha kuchapisha habari za uongo kwa makusudi. Matokeo ya kura za maoni nayo hayaruhusiwi kuchapishwa siku tano za mwisho. Ukiambiwa ufungue akaunti kwa jina la bandia ili uwatukane wapinzani, hiyo si kazi ya kujitolea hata ukilipwa vocha.

Mikutanoni

Msafara na mkutano wa hadhara una raha yake, na sitamlaumu anayeupenda. Viwanja vya Kamukunji na Jacaranda, muziki, mwaniaji akihutubu juu ya gari: hapo mtu hujihisi sehemu ya jambo kubwa. Hata hivyo, ukipima kazi kwa kura inazoongeza, hili ndilo chaguo dhaifu kuliko yote kwa mtu aliyebakiwa na siku chache. Waliohudhuria wengi wameshaamua, wengine wameletwa, na mchango wako ni kuongeza kichwa kimoja kwenye picha. Hatari nazo ni nyingi kuliko kwingine, kuanzia simu kuporwa hadi makundi mawili kukutana barabara moja. Nenda mkutanoni kama mfuasi, ukipenda, na usihesabu siku hiyo kuwa siku ya kazi.

Kituoni

Kazi ya wakala hulinganishwa na nyingine kwa nadra, kwa sababu watu hudhani ni ajira ya chama, kumbe wawaniaji wengi wa viti vya chini hutegemea watu wanaojitolea kwa posho ndogo au bila posho. Sheria inaruhusu chama kimoja wakala mmoja katika kila kituo kwa niaba ya wawaniaji wake wote. Chama kisipoteua wakala, mwaniaji wake anaweza kumteua wa kwake, naye mgombea huru huteua wa kwake. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayechagua: chama kikubwa huwa na orodha ndefu ya wanaotaka nafasi hiyo, ilhali mgombea huru wa wadi lazima atafute mtu wa kila kituo kwa juhudi zake mwenyewe, na mara nyingi humaliza siku akiwa na vituo ambavyo hana mtu.

Kazi yenyewe huanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, masanduku yanapoonyeshwa kwamba ni matupu na kufungwa kwa lakiri, nawe unaandika namba za lakiri hizo. Kutwa nzima unafuatilia utambuzi wa wapiga kura kwa alama za vidole, unaangalia jinsi wasioweza kupiga kura peke yao wanavyosaidiwa, na unanyamaza. Umekula kiapo cha kutunza siri, huruhusiwi kumshawishi mtu, wala kuvaa rangi au nembo ya chama. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kupanga foleni hupiga kura hata giza likiingia.

Kisha huanza sehemu ambayo hakuna mafunzo ya ukumbini yanayoweza kukutayarisha kwayo vya kutosha. Kituo kimoja huwa na wapiga kura wasiozidi 700, na kila mmoja hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Kituo kikijaa, hizo ni karatasi 4,200 za kufunguliwa moja baada ya nyingine. Msimamizi wa kituo huikunjua karatasi, hulitaja jina kwa sauti, na kuwageuzia mawakala ili wote waione alama. Kura ya rais huhesabiwa kwanza. Ifikapo saa tano usiku, darasa lina joto, taa ni hafifu, mawakala wawili wamelala juu ya madawati ya watoto, na karatasi za wadi bado hazijaguswa. Hapo ndipo makosa hutokea, mengine bila nia mbaya: karatasi iliyowekwa katika rundo lisilo lake, alama iliyoangukia kati ya majina mawili ikakataliwa haraka, tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi kwenye fomu. Aliye macho saa hiyo ndiye anayesema, "Tafadhali, tuihesabu hiyo tena."

Thamani ya neno hilo inaweza kupigiwa hesabu. Mwaka wa 2022 mshindi wa urais alipata kura 7,176,141 na aliyemfuata 6,942,930. Tofauti yao ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229, kwa hiyo tofauti hiyo, ikigawanywa sawasawa, ni takriban kura tano kwa kila kituo. Katika wadi, ushindi huweza kuamuliwa kwa kura mia chache katika eneo zima, na hakuna wanahabari wanaofuatilia. Fomu za 34A, yaani za matokeo ya urais ya kila kituo, ziliwekwa wazi mwaka huo kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, na Wakenya wakakesha wakizijumlisha wenyewe. Kura ya mwakilishi wa wadi haifuatwi na macho mengi kiasi hicho, ila yale ya mawakala waliobaki kituoni.

Tangu Mahakama ya Rufani iamue mnamo Juni 2017 kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, fomu ya kituo imekuwa ushahidi wa kwanza katika kila mabishano. Wakala huisaini na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni. Usiposaini, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo, kwa hiyo kuondoka kwa hasira hakumsaidii mwaniaji wako. Linalomsaidia ni kuandika sababu za pingamizi lako, kuchukua nakala, na kuipiga picha fomu iliyobandikwa.

Ubaya wake? Utakesha. Mwaka wa 2022 siku ya kupiga kura ilikuwa sikukuu ya umma, lakini Jumatano bosi wako atakutaka kazini. Kuna pia suala la kurudi nyumbani saa nane usiku kutoka shule iliyo ndani kabisa ya Kayole au Mathare, na wanawake hasa wanapaswa kukubaliana mapema na kampeni kuhusu nani atawasindikiza na kwa gari gani. Beba chakula chako, maji, na betri ya kuchajia simu. Malalamiko ya mawakala ambao hawakulipwa walichoahidiwa husikika baada ya kila uchaguzi, kwa hiyo aliyekubali kwa ajili ya posho aipate kwa maandishi, na aliyekubali kwa kujitolea aseme hivyo waziwazi ili asije akanung'unika.

Wapo wanaotaka kulinda kura bila kumtumikia mwaniaji yeyote. Hao nafasi yao ni ya uangalizi, kupitia mashirika yanayoidhinishwa na tume, kama vile ELOG, ambalo pamoja na kutuma waangalizi hufanya hesabu sambamba ya kura za urais katika vituo vilivyoteuliwa kitaalamu. Ukarani wa tume nao ni ajira ya muda yenye masharti yake. Njia zote mbili hudai kutoegemea upande wowote, kwa hiyo huwezi kuomba kura Julai kisha uwe mwangalizi Agosti. Mtumishi wa umma naye asijiingize katika kampeni hata kidogo, kwa kuwa sheria ya makosa ya uchaguzi inamkataza.

Rais au diwani, na suala la bahasha

Ukiniuliza, mtu mwenye siku kumi tu na asiye na ujuzi maalumu ampelekee nguvu zake mwaniaji wa wadi. Kampeni ya urais ina magari, helikopta na watu wa kulipwa, na ndani yake wewe ni namba. Mwaniaji wa wadi huenda ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa na watu wanane wa kutegemewa. Ukiwa wa tisa, atakujua jina. Isipokuwa kama wewe ni mwanasheria, mhasibu au mtaalamu wa kompyuta, kampeni kubwa haitahisi pengo lako.

Upande mbaya wa kampeni ndogo ni kwamba ndiko unakoweza kukabidhiwa bahasha. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka wa 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea hongo ya kura, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni mbili au kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Usiku wa kuamkia uchaguzi, anayebeba pesa au pakiti za unga kupanda nazo ngazi za ploti si mwaniaji. Ni kijana aliyejitolea. Uliza siku ya kwanza kabisa kama kazi hiyo imo, na jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta mwaniaji mwingine. Nauli na chakula cha mchana kwa anayejitolea ni jambo jingine na halina aibu, mradi yatumwe kwako kwa kazi uliyofanya.

Aliyesajiliwa nje ya Nairobi aamue mapema zaidi kuliko wote, kwa sababu kura hupigwa pale ulipojisajili. Akikubali kuwa wakala Umoja huku jina lake likiwa Kisii, amechagua kulinda kura za wengine na kuiacha yake. Wengine huona inafaa, na wengine hujuta wakifika foleni. Anayetaka kusafiri afanye kazi ya mlango kwa mlango au ya ofisini hadi Jumamosi, kisha apande gari Jumapili. Anayebaki kuwa wakala ahakikishe barua ya uteuzi iko mkononi mwake na jina la kituo limeandikwa sawasawa kabla ya Jumatatu jioni. Barua ikichelewa au ikiwa na jina la kituo kingine, msimamizi ana haki ya kumzuia mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo hakuna mtu ofisini wa kuirekebisha.